Kambi isiyo na maji, kwenye milima ya miti ya kale

Big Pine ni mji mdogo wa mashariki mwa California, na kwa anayekwenda kulala Grandview una kazi moja kubwa: kumjazia maji. Jaza kila dumu ulilo nalo. Ukishaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kwa barabara namba 168, usitegemee kisima wala bomba, na kambi unayoiendea haina hata tone. Haina umeme, haina duka, haina pipa la taka. Ina meza za mbao, maduara ya kuwashia moto, vyoo vya shimo na miti.

Nataka kuisifu kambi hii kwa sababu ya hayo inayoyakosa. Na si kambi tu. Msitu wenyewe ulio juu yake, wenye miti mikongwe kuliko karibu chochote chenye uhai tunachokifahamu, umefika umri ule kwa kunyimwa.

Kutoka Big Pine hadi Grandview ni kama kilomita 30. Gari hupanda kutoka mita 1,200 hadi takriban 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kuna mahali majabali yanaibana barabara hadi inabaki njia ya gari moja. Joto la bondeni linabaki nyuma. Kwanza unapita vichaka vya majani ya kijivu, vyenye harufu kali inayoingia hadi ndani ya gari, kisha miti inaanza: misonobari mifupi iitwayo pinyon, iliyochanganyika na mireteni, ndugu wa mtarakwa wetu wa nyanda za juu. Ukiona kibao cha Msitu wa Taifa wa Inyo chenye jina la Grandview, umefika. Nafasi za kupiga hema hazifiki 30, na zimetawanyika kati ya miti kiasi kwamba jirani yako humsikii mpaka apige nyundo kwenye vigingi vyake.

Miti ya pinyon haina urefu wa kumshangaza mtu aliyezoea misitu ya kupandwa ya Mufindi. Sifa yake iko kwenye koni. Ndani yake mna mbegu zenye mafuta, tamu, ambazo Wapaiute, wenyeji wa Bonde la Owens, wamezila tangu kale. Wakati wa vuli waliipanda familia nzima nzima milima hii, wakaziangusha koni kwa fito ndefu, wakazikaanga mbegu na kuzisaga unga wa kuvukia majira ya baridi. Anayepiga hema Grandview analala kwenye shamba la watu ambalo halikuwahi kulimwa.

Ukavu wa milima hii una chanzo kinachoonekana kwa macho. Simama ukingo wa magharibi wa milima hii utazame ng'ambo ya bonde: utaona ukuta wa Sierra Nevada wenye vilele vya theluji. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hugonga ukuta ule, ukapanda, ukapoa na kumwaga mvua na theluji yake huko. Ukivuka bonde na kufika huku kwetu, Milima ya White, hauna tena cha kutoa. Mtu wa Same anaijua hali hii vizuri. Milima ya Pare hunywa mvua, tambarare ya Mkomazi iliyo nyuma yake ikabaki na vumbi. Huku juu, mvua na theluji yote ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 350.

Hata maji machache yaliyoteremka bondeni hayakuachwa. Mwaka 1913 jiji la Los Angeles lilifungua mfereji wa zaidi ya kilomita 370 kuyachukua maji ya Mto Owens, na kufikia miaka ya 1920 Ziwa Owens lilikuwa limekauka. Ukilijua hilo, dumu lako la lita 20 linapata uzito mwingine mkononi.

Maisha ya kambini huku juu yana kanuni zake. Maji huchemka yakiwa na nyuzi 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage makavu ni kupoteza gesi na saa. Chukua yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani, au dengu. Wali unaiva ukiupa maji zaidi na subira. Ugali unakubali bila ubishi. Usiku wa kiangazi baridi inaweza kukaribia nyuzi sifuri hata kama mchana ulivaa shati jepesi, na baridi inayomwumiza mtu zaidi hutoka ardhini, si hewani. Godoro jembamba chini ya begi la kulalia lina faida kuliko koti la pili. Moto wa kuni hupigwa marufuku mara kwa mara wakati wa kiangazi, kwa hiyo ulizia kwanza ofisi ya msitu iliyoko mjini Bishop, na uende na jiko dogo la gesi hata ukiambiwa moto unaruhusiwa. Kunywa maji mengi. Kichwa kikikugonga siku ya kwanza, pumzika. Mwili una kazi ya kujifunza hewa nyembamba.

Halafu jua linazama.

Wataalamu wa nyota na wapenzi wa darubini wameipenda Grandview kwa miaka mingi, na wakifika huziba taa za magari yao kwa kitambaa chekundu ili wasiharibu giza la wenzao. Hakuna taa ya umeme kambini, hewa ni kavu, na mwinuko umekuondolea sehemu kubwa ya vumbi na ukungu. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza mbingu, huonekana na matundu na matawi yake. Aliyekulia Tanga au Dar es Salaam atakutana hapa na Nyota ya Kaskazini, ambayo kwao haionekani, ikiwa imesimama imara juu ya mlima huku nyingine zote zikiizunguka. Na akivumilia hadi usiku wa manane mwezi Agosti ataiona Kilimia ikichomoza mashariki, ile ile waliyoihesabia wazee wetu majira ya kulima. Nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa wakati huo. Taa moja tu ya choo ingewanyang'anya hayo yote.

Asubuhi ndiyo saa ya kupanda juu zaidi. Barabara ya lami inaendelea hadi eneo la Schulman, lililo juu ya mita 3,000, mahali ambapo kila pumzi inakuletea takriban asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni. Hapa pinyon zimekoma. Udongo ni mweupe, wa mawe ya dolomiti, maskini kiasi kwamba vichaka vya kijivu vilivyojaa miteremko mingine vinaukimbia. Kwenye weupe huo imesimama misonobari ya koni za miiba, Pinus longaeva.

Haifanani na miti unayoijua. Mingi ni mifupi, imepindana, sehemu kubwa ya shina imekufa na kubaki mti mtupu wa rangi ya dhahabu uliosuguliwa na upepo wa mchanga na barafu, na upande mmoja tu utepe mwembamba ulio hai chini ya gome unapandisha maji hadi kwenye tawi moja au mawili ya kijani. Utepe huo unatosha. Sindano za majani yake zinaweza kukaa mtini miaka 30 au 40 kabla ya kudondoka, kwa kuwa mti hauna mali ya kutengeneza mpya kila mwaka. Shina huweza kunenepa kwa sentimita mbili au tatu tu katika miaka 100. Kwa kukua polepole hivyo, mbao yake inakuwa nzito, imejaa utomvu, na wadudu na kuvu hushindwa kuila. Kwenye miteremko yenye udongo na maji mazuri zaidi kidogo, misonobari hii hukua mirefu na minyoofu, na hufa mapema. Mizee kuliko yote iko kwenye mawe.

Aliyegundua jambo hilo ni Edmund Schulman wa Chuo Kikuu cha Arizona, mtaalamu wa kusoma pete za miti. Alifika milima hii mwaka 1953, akarudi kila kiangazi akiwa na moyo mgonjwa, akitoboa mashina kwa kekee nyembamba isiyoudhuru mti na kuzihesabu pete moja moja. Mwaka 1957 alipata mti wenye pete zaidi ya 4,600. Akaupa jina Methusela, mzee wa kwenye Biblia aliyeishi miaka 969. Schulman alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 49. Makala yake ya kuutangaza ugunduzi huo ilitoka katika jarida la National Geographic miezi miwili baadaye.

Methusela bado uko hai, na umri wake leo unakadiriwa kupita miaka 4,800. Piramidi kuu za Giza zilipojengwa, ulikuwa mti uliokwisha kukomaa. Husuni Kubwa ya Kilwa ilipoinuliwa katika karne ya 14, ulikuwa umepita miaka 4,000. Njia ya miguu ya kilomita 7 hivi inapita karibu nao, lakini hakuna kibao kinachoonyesha ni upi. Watunza msitu wameamua kuuficha, na nawaunga mkono. Mtu anayepita njia ile bila kujua analazimika kuupa kila mti heshima ile ile.

Wana sababu ya kuogopa. Mwaka 1964, kwenye mlima wa Wheeler jimboni Nevada, mwanafunzi mmoja mtafiti aliruhusiwa na maofisa wa misitu kuukata msonobari mmoja wa aina hii ili asome pete zake. Zilihesabiwa zaidi ya 4,800. Uliokatwa ulikuwa mti mzee kuliko wowote uliokuwa umewahi kupimwa hadi siku ile. Mwaka 2008 tena, huku kwenye eneo la Schulman, mtu aliwasha moto makusudi ukateketeza jengo la wageni na baadhi ya miti. Jengo jipya lilifunguliwa 2012. Miti iliyoungua haijengwi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna msonobari mwingine vichwani mwetu. Kwetu ni mbao za paa na nguzo: patula iliyoletwa kutoka Mexico, hupandwa kwa mistari Sao Hill na kwingineko, na huvunwa kabla haijafika miaka 30. Kulikuwa na mwingine tuliouwekea matumaini makubwa zaidi, Pinus radiata, uliotoka pwani ya California hii hii. Ulikua kwa kasi ya ajabu. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 ugonjwa wa kuvu wa sindano ulishambulia mashamba yake Tanganyika na Kenya, na mti huo ukaachwa. Sisemi tuache kupanda miti ya mbao. Nchi inahitaji mbao. Ila mtu aliyeujua msonobari kama zao la kuvuna anapaswa, angalau mara moja katika maisha yake, kuuona ukiwa umeachwa uzeeke.

Hata hivyo ugumu una mpaka wake. Kwenye kilele cha Telescope, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, kusini mwa hapa, misonobari ya aina hii imekufa kwa wingi baada ya miaka ya ukame na joto, ilipodhoofika na kuvamiwa na mbawakawa wa magome. Huku Milima ya White watafiti wameona aina nyingine ya msonobari, yenye kukua upesi, ikipanda mlima na kutangulia kuota katika ardhi mpya iliyopata joto la kutosha. Miche ya msonobari wa miiba inakuta nafasi imeshachukuliwa. Haya yananitia huzuni kuliko habari ya msumeno wa 1964, kwa sababu msumeno unaweza kukatazwa kwa kibao.

Wapo watakaosema kambi kama Grandview ingevutia familia nyingi zaidi ikipewa bomba, umeme na vibanda. Ingevutia, ndiyo. Lakini bomba huku juu lazima linyonye maji kutoka mahali fulani, na mahali hapo hayapo ya ziada. Taa zingefuta nyota. Wageni wangekuwa wengi, na pamoja nao mikono mingi ya kuokota. Kwa ilivyo sasa, mgeni hubeba kila anachohitaji na kuondoka na kila alichokibakiza, pamoja na maganda ya mayai.

Basi ukibahatika kuwa California kati ya Juni na Septemba, panda. Beba maji yasiyopungua lita nne kwa kila mtu kwa siku, nguo za baridi, na mfuko wa taka. Huko Schulman utaona vipande vya miti iliyokufa vimelala chini, vidogo, vizuri, vyepesi kutia mfukoni. Usikiokote hata kimoja. Kwa kuunganisha pete za miti hai na za vipande kama hivyo, wanasayansi wamepata kumbukumbu ya mwaka kwa mwaka inayorudi nyuma karibu miaka 9,000, na ndiyo iliyotumika kusahihisha upimaji wa umri wa vitu vya kale kwa kaboni dunia nzima. Kipande utakachokiondoa kinaweza kuwa na miaka ambayo hakuna mti mwingine ulioihifadhi.