Msingi wa Ukuta Mfupi wa Bustani

Wasomaji wetu wa Igamba, mvua za Mbozi huanza Novemba, nazo huendelea hata Aprili. Ndipo kuta fupi za bustani zilizojengwa juu juu huinama na kuanguka, na udongo mwema wenye samadi hushuka bondeni.

Watu huuliza, ukuta wa kufika gotini wahitaji msingi gani? Twajibu: ukuta huo wazuia udongo, na udongo uliolowa ni mzito kuliko mkavu.

Basi mwenye kujenga kwa mawe na achimbe handaki, aupite udongo wa juu wenye mizizi, afike penye udongo mgumu. Kwa ukuta wa sentimita 60, kina cha sentimita 30 chatosha mahali pengi. Na upana wa msingi uzidi ule wa ukuta. Chini pasawazishwe na kushindiliwa. Mawe makubwa yatangulie, na kila jiwe lifunike kiungo cha mawili yaliyo chini yake. Ukuta uegemee kidogo upande wa udongo. Nyuma yake patiwe kokoto, na chini yaachwe matundu, kwa maana maji yakifungiwa husukuma.

Huko Engaruka, mkoani Arusha, wakulima wa kale walijenga matuta ya mawe pasipo saruji. Mashamba yale yaliachwa zaidi ya miaka 150 iliyopita, na mawe yake yangali yaonekana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipochimba msingi, utaujenga mara mbili.