Jiwe la Mizani la Fundi Redio

Mkulima wa mpunga wa Mpanda akiishuku mizani ya mnunuzi, hudai jiwe la kilo 1 liwekwe juu ya sahani. Likisomeka gramu 900, ubishi umekwisha. Fundi wa redio naye hana budi kuwa na jiwe lake, ingawa halishikiki mkononi: ni wimbi la umeme ambalo masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, pamoja na nguvu yake, vimejulikana kabla ya kazi kuanza. Wimbi hilo hutolewa na kizalishi cha mawimbi. Mafundi hukiita "jenereta" kwa mkato, wala si ile ya kuwashia taa arusini.

Katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Rukwa, haja ya chombo hiki si ya kubuni. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ina eneo la kilomita za mraba 4,471, na magharibi mkoa unapakana na Ziwa Tanganyika. Askari wa wanyamapori aliye mbali na kituo, au nahodha aliyekumbwa na dhoruba, hutegemea redio ya upepo. Redio hiyo ikiwa kiziwi, mara nyingi mwenyewe hajui mpaka siku ya hatari.

Ndani ya kizalishi mna kazi mbili zinazotofautiana sana. Ya kwanza ni kutunza masafa. Hii hufanywa na kipande cha fuwele ya kwatsi, ambacho hutetema kwa mwendo ulio karibu sawa daima. Neno "karibu" ndilo lenye mashaka, kwa sababu fuwele huzeeka na kuathiriwa na joto. Ikipotoka kwa sehemu 10 katika milioni, basi kwenye mkondo wa 16 wa vyombo vya majini, ambao ni megahezi 156.8, kosa litakuwa hezi 1,568. Fundi anayekiamini chombo hicho ataichukua redio iliyo sahihi na kuiharibu kwa mikono yake, huku akidhani anaitengeneza.

Kazi ya pili ni kupunguza nguvu. Kipokezi kizuri husikia wimbi la mikrovolti 0.25 tu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuikokotoa nguvu yake: mraba wa volti ugawanywe kwa ukinzani wa omu 50, jibu ni wati 1.25 × 10⁻¹⁵. Ili kushuka hadi hapo, kizalishi hupitisha wimbi katika ngazi za rezista, kila ngazi ikipunguza kwa kiasi maalumu. Ngazi ya desibeli 20, kwa mfano, huigawa volti kwa 10.

Hapa ndipo penye ajali ya kawaida kuliko zote. Redio ya upepo ikiwa imeungwa kwenye kizalishi, mtu akabonyeza kitufe cha kusemea kwa kusahau, wati 25 au zaidi hurudi nyuma na kuzichoma rezista hizo ndogo. Vizalishi vingine vina swichi ya kinga. Vingi vya zamani havina. Rezista ikikatika kabisa ni heri, maana chombo hunyamaza na kosa huonekana. Balaa ni ile iliyoungua nusu. Ngazi ya desibeli 20 yaweza kubaki na 14, hivyo volti itokayo ni maradufu ya ile iliyoandikwa kwenye kioo, na masafa yako sawa kabisa. Redio inayohitaji mikrovolti 0.5 itaonekana kutosheka na 0.25. Itapewa cheti na kurudishwa kazini, ilhali katika anga tupu umbali wake wa kusikia ni nusu ya ule unaodhaniwa. Porini milima na miti huibadilisha hesabu hiyo, lakini hasara inabaki.

Kulinganisha chombo na kigezo kilicho bora zaidi huitwa ugezi. Kwa sheria ya mwaka 1975 lilianzishwa Shirika la Viwango, ambalo maabara zake ziko Dar es Salaam na ndilo mtunzaji wa vigezo vya Taifa. Kutoka Mpanda ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Lakini masafa hayahitaji safari hiyo. Tangu mwaka 1967 sekunde hufafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya sesiamu, na satelaiti za GPS, zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, hubeba saa za atomu. Kipokezi chenye fuwele inayoongozwa na satelaiti hizo hutoa megahezi 10 zilizo sahihi mno, iwe Mpanda au London. Vizalishi vingi vina tundu mgongoni la kupokea wimbi hilo.

Nguvu haina bahati hiyo. Hakuna satelaiti iwezayo kumletea fundi mikrovolti moja ya kweli. Katika maabara kuu nguvu ya mawimbi hupimwa kwa joto inalozaa ndani ya rezista, joto hilo likalinganishwa na lile la umeme wa kawaida uliokwisha pimwa. Kisha nguvu ndogo ndogo hufikiwa kwa kulinganisha ngazi hata ngazi. Kwa hiyo kizalishi chenyewe, au kipimio cha kukilinganisha, hakina budi kufungwa vizuri katika sanduku lenye sponji na kusafiri. Kigezo kisipokuwepo nchini, safari huendelea nje.

Fundi mwenye busara huweka pia kipunguza nguvu kidogo, kilichopimwa na kufungiwa kabatini, ambacho hakitumiki ila kukikagua kizalishi kila mwezi. Gharama yake ni ndogo, na rezista iliyoungua nusu hugunduliwa mapema.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi hulipuuza. Maabara inayojiheshimu haifungui chombo kabla ya kukipima jinsi kilivyofika na kuyaandika makosa yake. Wenye haraka huona ni kupoteza muda: si kitatengenezwa hata hivyo? Ila tarakimu hizo hazihusu kizalishi peke yake. Zikionyesha kwamba ngazi ya desibeli 20 ilikuwa 14, fundi wa Mpanda atafungua daftari lake, atazitafuta redio zote alizozipasisha tangu ukaguzi wa mwisho, na kuziita zirudi mezani, ya Sitalike na ya Karema, moja baada ya nyingine.