Sura ya Tano: Taa Hujibu Swali Lake, Si Lako

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kwenye gari dogo la abiria, tunatoka Chalinze kwenda Morogoro. Mbele ya usukani ikawaka taa nyekundu yenye picha ya birika la oili linalodondosha tone. Dereva hakuipuuza. Alipaki pembeni, akazima injini, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukimulika kwa simu. Oili ilikuwa imefika alama ya juu. Akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akaniambia, "Oili imejaa, kaka. Hii taa ina matatizo yake tu." Tukaondoka. Kabla ya kufika Mikese injini ilianza kugonga kama mchi kwenye kinu kitupu, halafu ikanoki, tukalala barabarani.

Yule bwana alifanya karibu kila kitu anachotakiwa kufanya dereva makini. Kosa lake lilikuwa kwenye swali. Yeye aliuliza, oili ipo? Taa ilikuwa inajibu swali jingine kabisa: oili inasukumwa? Oili ilikuwepo, tena ya kutosha, lakini fundi alipokuja kuifungua sampu alikuta chujio la mdomo wa pampu limezibwa na tope jeusi, mabaki ya oili iliyopitilizwa muda wake. Pampu ilikuwa inanyonya hewa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu dashibodi nzima iko namna hiyo. Hakuna taa wala mshale unaolijua gari lako. Kila kimoja kimefungwa na kitu kimoja kidogo, swichi au boya au sensa, kilichowekwa mahali pamoja, na kinasema kile tu kinachofika mahali hapo. Rangi zinasaidia kidogo: nyekundu simama, njano kapimwe karibuni, kijani na bluu ni taarifa. Zaidi ya hapo inabidi ujue nani anapimwa, na wapi.

Tumalizane na oili. Kwenye bloku ya injini kuna swichi ndogo ambayo mguso wake hufunguka pale tu oili inapoisukuma. Katika magari mengi shinikizo la kuifungua ni dogo sana, ba 0.3 hadi 0.5 hivi, wakati injini nzima ikiwa kwenye mwendo husukuma oili kwa ba kadhaa. Maana yake taa hii kwa maumbile yake huchelewa. Ikiwaka ukiwa mwendoni, shinikizo halijapungua, limekwisha. Vyuma vinasagana muda huohuo, na unachopewa ni sekunde. Toka barabarani, zima, usiwashe tena hata kama kijiti kinasema oili imejaa, ita gari la kuvuta. Gharama ya kuvutwa, nakuhakikishia, haifiki robo ya bei ya injini. Na kama taa inachezacheza gari likiwa limesimama, injini ikiwa imepata moto, kisha inazima ukikanyaga mafuta, hiyo ni barua ya mapema: oili imekuwa nyepesi au beringi za ndani zimelika.

Joto ndiko wengi wanakopotelea. Ukipanda Kitonga mchana wa jua, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, utayaona magari yamefunguliwa boneti pembeni, mvuke unapanda, na dereva anaapa kwamba mshale ulikuwa katikati muda wote. Mara nyingi hasemi uongo. Kwanza, katika magari mengi ya siku hizi mshale wa joto haufuati joto nyuzi kwa nyuzi. Watengenezaji wameufundisha kutulia katikati kwa upana mkubwa, tuseme kuanzia nyuzi 80 hivi hadi 100 na ushee, kwa sababu wateja waliokuwa wakiuona unapanda na kushuka walikuwa wakikimbilia gereji bure. Kwa hiyo ukiuona umetoka katikati, hata kidogo tu, jambo limeshatokea tayari. Pili, sensa inapima maji yanayoigusa. Hosi ikipasuka na maji yote yakamwagika, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Mshale wa joto ukishuka ghafla katikati ya mlima, usishukuru. Simama. Na rejeta usiifungue ikiwa ya moto; maji yaliyofungiwa humo yamezidi kiwango cha kuchemka na yatakurukia usoni.

Kuna magari yasiyo na mshale huo kabisa, Toyota Vitz na Passo nyingi zikiwemo. Yana taa mbili: ya bluu, injini bado baridi, nyekundu, imechemsha. Katikati yake ni giza, na giza ndiyo heri. Taa ya bluu inatakiwa izime ndani ya dakika chache za safari. Ikikaa muda mrefu, watu hufurahi kwamba "gari langu halichemshi". Sababu ya kawaida kwetu ni kwamba fundi alishaitoa thamostati, ule mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Imani ya gereji nyingi ni kwamba nchi ya joto haiihitaji. Sikubaliani nayo. Injini inayofanya kazi baridi hula mafuta zaidi na hulika haraka zaidi, kwa kuwa kompyuta inaendelea kuimwagia petroli kama ya asubuhi. Thamostati iliyoharibika inabadilishwa, haitupwi.

Taa ya betri nayo ina jina la uongo. Picha ni ya betri, lakini anayelalamika ni alteneta: umeme hauzalishwi. Gari linaendelea kwenda kwa akiba iliyomo, kama mtu anayekula mtaji. Zima kiyoyozi, redio na kila usichokihitaji, uelekee mahali penye fundi. Lakini kabla ya kuendelea tazama kwanza fenibelti. Katika injini nyingi mkanda huohuo unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri itawaka sasa na gari litachemsha baada ya dakika chache. Hapo hakuna cha kuelekea popote.

Breki. Taa nyekundu yenye alama ya mshangao huwaka ukivuta hendibreki, na huwaka pia mafuta ya breki yakishuka kwenye kikopo chake. Mafuta hayo hayanywewi na gari. Pedi zikilika, pistoni za breki husogea mbele na mafuta huzifuata. Kwa hiyo anayeona taa, akajaza kikopo na kufurahi imezima, mara nyingi amemnyamazisha shahidi wa pedi zilizokwisha. Kama si pedi, kuna mahali panavuja, na hilo ni baya zaidi. Taa ya njano ya ABS ni hadithi nyingine: breki za kawaida zipo, kilichoondoka ni ule msaada wa kuzuia matairi yasijifunge kwenye utelezi.

Mafuta ya petroli hupimwa na boya linaloelea ndani ya tangi likiwa kwenye mkono wa chuma. Tangi halina umbo la ndoo, ndiyo maana nusu ya juu huonekana kudumu na nusu ya chini hukimbia; si kwamba muuzaji wa sheli alikuibia, ingawa hilo nalo hutokea. Ninalowaomba wanaoishi kwa mafuta ya elfu kumi kumi na taa ikiwaka muda wote wakumbuke jambo moja: pampu ya gari la sindano hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli hiyohiyo. Anayeendesha juu ya taa anaipika pampu yake taratibu.

Pembeni ya picha ya pampu kuna pembetatu ndogo. Inaonyesha upande wenye mfuniko wa tangi. Tunamshukuru Jim Moylan, mhandisi wa Ford, ambaye mwaka 1986 alipaki upande usio kwenye pampu, akalowa mvua, akarudi ofisini na kuandika pendekezo. Lilianza kuonekana kwenye magari ya kampuni hiyo ya 1989. Nimeona madereva wa miaka ishirini wakishuka kuchungulia.

Sasa spidi. Mwaka 1902 Otto Schulze alisajili mjini Berlin hataza ya kifaa kilichotawala magari kwa karibu karne nzima: kebo kutoka giaboksi inazungusha sumaku, sumaku inavuta kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa, springi inakizuia kisizunguke, na mshale unabaki pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Waliowahi kuendesha Land Rover au Peugeot 504 za zamani wanaujua mshale unaopunga kama mkono wa kwaheri. Ni kebo iliyokauka grisi. Siku hizi sensa huhesabu mizunguko kwa umeme, lakini swali halijabadilika. Kifaa hakiioni barabara. Kinahesabu mizunguko, kisha kinazidisha kwa ukubwa wa tairi kiliotajiwa kiwandani.

Hapo ndipo penye mtego. Chukua gari lililotoka na tairi za 195/65 R15, zenye kipenyo cha milimita 634 hivi. Mwenye gari anataka kulinyanyua kidogo kwa ajili ya barabara ya kijijini, anafunga 205/70 R15, milimita 668. Ni ongezeko la asilimia 5 na kitu. Kama mshale ulikuwa unasema kweli, sasa ukisoma 80 gari linakwenda 84. Kinachowaokoa wengi ni kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi: mshale hauruhusiwi kusema pungufu ya mwendo halisi, bali unaweza kuzidisha hadi sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Gari likienda 50 halisi, mshale unaweza kusema hadi 59 na bado uwe halali. Kwa tairi za kiwandani, basi, ukiushika mshale kwenye 50 tochi ya trafiki haina neno na wewe. Kwa tairi kubwa, usiniweke mimi shahidi. Namba 180 iliyoko mwishoni mwa kisahani cha magari ya Japani isikutie kiburi. Ilitokana na makubaliano ya watengenezaji wa kule, si ahadi juu ya gari lako.

Karibu na hapo, kwenye gari la otomatiki la zamani kidogo, kuna maandishi ya O/D OFF. Nimeulizwa habari zake mara nyingi kuliko taa nyingine yoyote, na wauliza wote hudhani ni ugonjwa. Ni kitufe tu kimebonyezwa kwenye mkono wa gia, na gia ya juu kabisa imefungiwa. Kwenye tambarare iache gia hiyo ifanye kazi. Ukiteremka Kitonga, bonyeza taa iwake: injini itakusaidia kulizuia gari, na breki hazitatoa harufu. Ikianza kupepesa yenyewe bila kuguswa, hapo kompyuta ya giaboksi imeona kosa.

Wenye dizeli za Toyota wana taa yao, T-BELT, ya mkanda wa taimingi. Huwaka kila gari likitembea kilomita 100,000, au 150,000 kwa matoleo mengine. Taa hii haijawahi kuuona mkanda. Inahesabu kilomita tu. Aliyebadilisha mkanda bila kuirudisha sifuri atatishwa bure, na aliyenunua gari ambalo kilomita zake zimerudishwa nyuma ataliwazwa bure, mpaka mkanda ukatike na vali zipigwe na pistoni.

Imebaki cheki injini, ile ya njano. Inasema kompyuta imeona kipimo kimetoka nje ya mipaka. Kwenye mashine utapewa msimbo, mathalani P0171, na hapo ndipo fedha hupotea. Msimbo huo unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hausemi kwa nini. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu iliyochoka au sensa ya hewa yenye vumbi, lakini wengi huuziwa sensa ya oksijeni kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa. Mwambie fundi akuonyeshe chanzo kabla hujanunua spea. Ikiwaka kwa kutulia, una siku za kupanga. Ikipepesa, silinda inakosa kuwaka na petroli mbichi inaunguza kichujio cha ekzosi; punguza mwendo papo hapo.

Mwisho, usikubali taa zikae kimya bila kuhojiwa. Geuza ufunguo hadi ON bila kupiga starti, au bonyeza kitufe mara mbili bila kukanyaga breki. Oili, betri, cheki injini, ABS na SRS (ile ya mifuko ya hewa) zote zinatakiwa ziwake. SRS huzima yenyewe baada ya sekunde chache, injini ikiwa bado haijawashwa. Oili na betri hubaki mpaka injini ingurume. Unapokagua gari la kununua, isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa, maana kuna wanaong'oa balbu, wanaoziba kwa utepe mweusi, na wajanja zaidi wanaounga waya wa SRS kwenye taa ya oili ili zizime pamoja. Ukiona mbili hizo zimezima kwa sekunde ileile baada ya starti, mrudishie dalali ufunguo wake.