Mshahara unakatwa bima: je, mkeo yumo?



Ndugu msomaji, wiki hii tuiache kidogo mada ya maji ya kunywa na vyoo, tuzungumze juu ya karatasi. Usishangae. Katika kazi yangu ya utabibu hapa Maswa nimeona karatasi ikimchelewesha mgonjwa kuliko hata ubovu wa barabara.

Mwezi wa Oktoba, mwaka mmoja uliopita, aliletwa mama mmoja kutoka upande wa Lalago. Alikuwa amepauka viganja na ulimi, moyo unamwenda mbio, na hatua kumi zilimtosha kukaa chini. Tulipompima, damu yake ilikuwa 5, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Alikuwa akitokwa damu kwa miezi minane. Yeye akijua kuwa ni istihadha, na kwa hakika hukumu zake alizijua vizuri: namna ya kujitoharisha, na kwamba sala na funga haziachwi. Alichokuwa hajafanya ni kupimwa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule ambao aghalabu si saratani, lakini humaliza damu ya mtu taratibu. Tulimuongezea damu chupa mbili, na ikabidi apewe rufaa kwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji.

Mumewe ni mwalimu wa shule ya serikali. Nikamuuliza, "Mwalimu, kadi ya bima ya mama iko wapi?" Akatoa hati yake ya mshahara mfukoni. "Daktari, mimi nakatwa kila mwezi. Angalia hapa, kodi hii, na bima hii." Nikamwambia nimeona makato, nauliza kadi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nilidhani nikikatwa, mke anaingia mwenyewe."

Rufaa ilikaa siku kumi na mbili. Ndugu zake wakapeleka ng'ombe wawili mnadani, na unajua Oktoba ng'ombe wamekonda na bei iko chini. Alhamdulillah, mama alipona. Lakini mwalimu yule alikuwa amekatwa bima miaka tisa.

Makato ni jambo moja, kuandikishwa ni jingine

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kodi ya mshahara nchini kwetu hukatwa kwa mtu mmoja mmoja. Haiulizi umeoa au hujaoa, wala haipeleki jina la mkeo popote. Ziko nchi ambazo mambo haya mawili hukutana. Marekani, mume na mke wanaojaza taarifa ya kodi kwa pamoja, na waliopata ruzuku ya serikali kwenye bima, hutakiwa kuilinganisha ruzuku hiyo kwenye taarifa yao ya kodi. Kwetu hakuna mtu wa kodi atakayekukumbusha habari za mkeo. Ni wewe.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi Julai 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa mchango huo hutibiwa mchangiaji, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne, kama vile watoto au wazazi. Lakini haki hiyo haimfikii mtu mpaka jina lake lijazwe kwenye fomu, na picha na vyeti viambatanishwe: cheti cha kuzaliwa kwa mtoto, na cheti cha ndoa kwa mke au mume. Na ewe dada uliyeajiriwa, hali ni hiyo hiyo: mumeo mkulima wa pamba naye ni mwenza, mwandikishe.

Nikahi na cheti chake

Mwalimu yule aliponiambia sababu, nilimwelewa. Ndoa yake ilifungwa nyumbani kwa wakwe, walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametajwa. Majina yakaandikwa kwenye daftari la madrasa, na daftari lenyewe likaliwa na mchwa. Nikahi yake ni sahihi, hakuna anayeibishia. Lakini karani wa bima hakuwepo siku ile ya ndoa, naye hana njia ya kujua isipokuwa kwa cheti.

Sisi tuliosoma madrasa tunajua kuwa dini yetu imehimiza kuandika hata deni na kulishuhudisha. Iweje ndoa iwe nyepesi kuliko deni? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa isajiliwe. Basi bwana harusi asiondoke kwenye hafla kabla ya kumuuliza mfungishaji kuhusu cheti. Na kama ndoa ni ya zamani, nenda msikitini kwako kwa imamu, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya zinakoshughulikiwa huduma za RITA, uulize utaratibu wa kuisajili.

Mwenye wake wawili

Jambo hili tusilionee haya. Fomu ya Mfuko ina nafasi ya mwenza mmoja. Mwenye wake wawili asimwandike wa pili kwa jina la dada au binti, huo ni uongo wa maandishi. Lakini pia asimuache wazi, kwani matibabu ni katika matunzo, na uadilifu baina ya wake ni sharti. Mkatie bima nyingine. Kwa miaka kadhaa CHF iliyoboreshwa ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Ulizia kiwango na utaratibu wa sasa katika kituo chako, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Na fedha itenge wakati wa kuuza pamba, usingoje Oktoba.

Tusiazimane kadi

Wapo wanaompa shemeji kadi ya mke akatibiwe. Mbali na kuwa ni khiyana, ni hatari ya kiafya. Yatakayoandikwa kwenye jalada ni maradhi ya shemeji. Kesho mwenye kadi akifika hajitambui, tutasoma kuwa ana kisukari asicho nacho, au hatutaona kuwa dawa ya salfa inamdhuru. Mgonjwa asiyeweza kusema huzungumziwa na jalada lake.

Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa ijayo, kaa na mkeo mfanye mambo matatu. Mosi, tazameni kadi: yupo nani, nani hayupo, nani ameshafariki au ametalikiwa na hamjatoa taarifa. Pili, tafuteni cheti cha ndoa na vya watoto, mviweke pamoja kwenye bahasha mahali pasipofika mchwa. Tatu, muulize mkeo hali ya hedhi yake. Damu ikizidi siku saba kila mwezi, au akichoka bila sababu, mlete apimwe. Kwa sheikh ataulizia sala, na kwetu ataulizia damu.

Wabillahi tawfiq.