Hesabu ya Watoto Inatangulia Hesabu ya Matofali



Juma lililopita nilipita ku shule moja ya msingi hapa Kavumu. Nilikuta watoto wanne kwenye kiti cha wawili, na wengine chini kabisa mbele ya ubao, daftari ku magoti. Nikamuuliza direkta. Akacheka kidogo, akasema: "Mwalimu, batoto bako, manjanja njo hakuna. Franga ya kujenga ilikuwa inatoka kwa bazazi. Sasa bazazi banasema masomo ni bule."

Maneno hayo njo yamenifanya niandike. Wengi wetu tunamlaumu direkta, ao tunalaumu gratwite yenyewe. Mimi naona ugonjwa uko pengine. Uko kwenye mpango. Acha nieleze polepole.

Kwanza tujiulize: nani alikuwa anajenga? Shule nyingi za kwetu zina jina la Leta ku karatasi, lakini kiwanja ni cha kanisa. Mikataba ya mwaka 1977 iliweka shule za Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu chini ya usimamizi wa makanisa, Leta ikibaki na programu na mshahara. Mshahara ulipopotea katika miaka ya 1990, wazazi walibeba mzigo wote: primu ya mwalimu, na juu yake franga ya kujenga. Kila mzazi alitoa, na kiangazi kikifika ukuta uliongezeka ao paa lilibadilishwa. Haikuwa haki, maana mtoto wa maskini alifukuzwa katikati ya mwaka. Lakini ilikuwa njia ya kujenga, na ilifanya kazi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika shule za Leta. Tulingoja hadi Septemba 2019 ili gratwite itekelezwe nchi nzima. Siku ile malipo mawili yaliondoka kwa mara moja: ya mwalimu na ya tofali. Ya mwalimu yalitafutiwa mrithi, hata kama wengine wangali wanangoja jina lao ku listi ya malipo. Mwaka 2020 Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kusaidia mpango huo, na mshahara wa walimu ulikuwa kati ya mambo makubwa yaliyolengwa. Malipo ya tofali hayakupata mrithi wa kueleweka. Njo maana direkta anacheka vile.

Sasa tufanye hesabu. Leta yenyewe imetangaza kwamba zaidi ya watoto milioni 4 waliingia ao kurudi masomo kwa sababu ya gratwite. Tuwaweke 50 kwa kila klasi, na 50 si starehe. Hapo tunahitaji vyumba 80,000. Tukiwagawa kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, bado ni vyumba 40,000. Tuangalie mpango wa Territwari 145, ule mkubwa wa kujenga vijijini. Sehemu yake ya kwanza ilipanga shule zaidi kidogo ya 1,200. Tukisema kila shule ina vyumba sita, tunafika karibu 7,200. Na tena, shule mpya mara nyingi inasimama pahali pa ile ya udongo iliyokuwa inaanguka. Watoto wanapata jengo zuri, lakini nafasi haikuongezeka sana.

Sisemi mpango ule ni mbaya. Nasema kugawa shule kwa territwari si sawa na kugawa kwa watoto. Kavumu ya leo si ile ya babu zetu. Kiwanja cha ndege, soko na njia ya kwenda Katana vimevuta watu, na vita imeleta wengine kutoka Kalehe. Ukihesabu mipaka, Kavumu ni sehemu moja tu ya Bugorhe. Ukihesabu watoto, ni kitu kingine kabisa.

Je, kuna nchi iliyofanya vizuri kidogo? Tuangalie Tanzania. Elimu bila malipo ilianza kule Januari 2016. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule alimaliza la saba mwaka 2022. Mwishoni mwa 2022 serikali ilitoa shilingi bilioni 160 kujenga madarasa 8,000 ya sekondari, ili wale watoto wapate nafasi kidato cha kwanza Januari 2023. Shida hazikwisha kule, lakini mtu alikaa chini akafuata wimbi mwaka kwa mwaka mpaka lilipofika mlangoni.

Wimbi letu pia linafuatika. Mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza Septemba 2019, kama hakurudia, alimaliza wa sita 2025, na Septemba ileile alifika kwenye mlango wa mwaka wa saba. Sheria ya 2014 inasema mwaka wa saba na wa nane ni sehemu ya elimu ya msingi. Tulikuwa na miaka sita ya kujitayarisha.

Mtu atasema: "Mpango gani, na vita hii?" Kweli, Februari 2025 M23 ilishika kiwanja cha ndege cha Kavumu, kisha Bukavu. Watu walikimbia, wengine wakarudi, na leo hatujui vizuri nani analala wapi. Lakini njo sababu zaidi ya kuhesabu. Yeyote atakayekuja na franga, Leta, kanisa ao shirika, swali lake la kwanza ni: watoto wangapi?

Hapo kuna tundu moja ambalo watu wachache wanaliona. Fishi ya takwimu inatoka kwa direkta, inapita sudivizio, inafika provensi, halafu Kinshasa. Direkta anaandika watoto waliokaa ndani ya klasi. Yule aliyerudishwa kwa sababu hakuna nafasi haandikwi popote. Kwa mpango, mtoto huyo hayuko. Kadiri shule inavyojaa na kurudisha watoto, ndivyo karatasi inavyoonyesha kwamba watoto hawaongezeki.

Basi, wandugu, tuombe mambo matatu. Kila shule iwe na daftari ya watoto waliokosa nafasi, na komite ya wazazi iisome. Franga ya kujenga ifike mbele ya mwezi wa sita, maana tofali linakaukia kiangazi, na Septemba masomo yanafunguliwa pamoja na mvua. Tatu, tuhesabu vitoto vya avenyu zetu kwa umri, sisi wenyewe. Kazi hiyo haihitaji bajeti, na tumesoma ya kutosha kuifanya.

Mtoto aliyezaliwa Kavumu mwaka 2025 ataingia mwaka wa kwanza Septemba 2031. Mama yake anajua tayari. Mwenye kupanga naye ajue leo, asingoje siku ile mtoto atakaa chini mbele ya ubao.