Barua ya Malalamiko: Kamera Mpya Yenye Kasoro

Barua rasmi ni miongoni mwa tungo zinazoweza kutahiniwa katika insha ya lazima. Chukua swali hili: Umenunua kamera ya dijitali na kugundua kuwa ina kasoro. Mwandikie meneja wa duka barua ya malalamiko. Ukijaza ukurasa kwa hasira, utakosa hoja. Anza kwa kuijua kasoro yenyewe.

1. Bainisha kasoro

Picha yenye ukungu si lazima iwe kosa la kamera. Huenda mkono ulitikisika, mwanga ulikuwa hafifu au lenzi ina alama za vidole. Pangusa lenzi kwa kitambaa laini, weka kamera mezani penye mwanga wa kutosha, kisha piga tena. Ukungu ukiondoka, kamera ni nzima.

Ukiona doa jeusi, piga picha ya ukuta mweupe. Doa likibaki mahali pale pale katika kila picha hata baada ya kupangusa lenzi, huenda uchafu umeingia ndani. Ukiona vinukta vinavyong'aa, ziba lenzi kabisa na upige picha kadhaa. Vinukta visivyohama ni dalili ya hitilafu katika kihisi, yaani sehemu inayonasa mwanga. Kamera isiposoma kadi ya kumbukumbu, jaribu kadi nyingine kabla ya kulaumu kamera.

Usiifungue kamera wala kumpa fundi mwingine. Dhamana inaweza kubatilika.

2. Ijue haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa watumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Itaje haki hii mara moja, kwa adabu. Vitisho havimsaidii mnunuzi wala mtahiniwa.

3. Zingatia muundo

Andika anwani yako, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo, mada, utangulizi, mwili, hitimisho, sahihi na jina. Mada iwe fupi: KUH: KASORO KATIKA KAMERA NILIYONUNUA.

Soma mfano huu wa mwili:

*Tarehe 4 Machi nilinunua dukani mwenu kamera ya dijitali kwa shilingi 18,000. Siku iliyofuata niligundua kuwa kila picha ina doa jeusi kwenye pembe ya juu, upande wa kulia. Nilipangusa lenzi na kupiga picha ya ukuta mweupe mara tano, lakini doa halikuhama. Nimeambatisha nakala za risiti na kadi ya dhamana, pamoja na picha mbili. Naomba mnibadilishie kamera hii au mnirudishie fedha zangu kufikia tarehe 20 Machi.*

Kila sentensi ina kazi yake: ununuzi, kasoro, uchunguzi, ushahidi na ombi. Meneja hana haja ya kukuuliza swali la ziada. Tazama pia kuwa nakala ndizo zilizoambatishwa. Risiti halisi hubaki kwako.

Kumbuka: Barua isiyo na ombi mahususi ni manung'uniko tu. Sema unachotaka na lini.

Zoezi

Kamera uliyonunua wiki jana haisomi kadi yoyote ya kumbukumbu. Mwandikie meneja wa duka barua ya malalamiko. (alama 20)