Saa ya Sang, daftari la Kipchoge: Imani inavyojengwa kambini

Mwaka 2001, kijijini Kapsisiywa huko Nandi, kijana wa miaka 16 alimwendea jirani yake kumwomba programu ya mazoezi. Kijana mwenyewe hakuwa na jina lolote. Kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli. Jirani aliyeombwa alijulikana dunia nzima: Patrick Sang, mshindi wa nishani ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki za Barcelona mwaka 1992, mwaka ambao Wakenya walizoa nishani zote tatu za mbio hizo.

Sang alimpa mazoezi ya siku chache. Kijana alipoyamaliza akarudi kuomba mengine, kisha akarudi tena. Baadaye Sang alivua saa yake mkononi akampa ajipimie muda. Ndipo alipokuja kutambua kwamba kijana huyo ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe chekechea. Jina lake Eliud Kipchoge.

Rekodi za Kipchoge tunazijua kwa moyo. Kisa cha saa hatukisimulii sana, ilhali ndicho kinachoeleza yaliyofuata. Sang alitoa muda wake kabla ya kujua anampa nani, wala hakuwa na uhakika wa kulipwa chochote. Katika riadha, kocha ndiye anayetangulia kuweka akiba. Imani ya mwanariadha huja baadaye, kama faida.

Hapa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, makocha ni wengi. Ukitoka alfajiri kuelekea Kaptagat utakutana na makundi ya wakimbiaji kwenye barabara za udongo mwekundu, na nyuma yao gari au pikipiki ya mtu mwenye saa mkononi. Wengine wamesomea kazi hiyo. Wengine walikimbia zamani wakastaafu. Na wapo ambao ujuzi wao wote ni filimbi na maneno matamu. Kijana anayeshuka kwenye matatu na begi moja na jozi moja ya viatu atawatofautisha vipi?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mkimbiaji wa marathoni hushiriki mbio kubwa mbili hivi kwa mwaka, na kila moja huandaliwa kwa miezi mitatu au minne. Katika miezi hiyo hana njia ya kuhakikisha kwamba anachofanya ni sahihi; jibu litapatikana siku ya mbio. Programu ikiwa mbovu, nusu ya mapato ya mwaka imekwenda, na huenda goti nalo limekwenda. Ndiyo maana kocha asiyeaminika ni hasara hata awe na shahada ngapi.

Katika kambi ya Kaptagat, ambako Sang amewanoa watimkaji kwa zaidi ya miaka 20, wiki haina miujiza. Jumanne ni siku ya uwanjani, aghalabu kwenye uwanja wa udongo wa Chuo Kikuu cha Moi. Alhamisi ni mbio ndefu: kilomita 30 wiki hii, 40 wiki nyingine. Jumamosi ni mbio za kubadilisha kasi. Hakuna anayeamka akijiuliza kocha ameamka na hasira gani. Ratiba inajulikana, na kila mmoja anajua kwa nini iko hivyo.

Tazama pia daftari. Tangu mwaka 2003 Kipchoge amekuwa akiandika kila zoezi alilofanya, na madaftari hayo ameyatunza. Kocha ana hesabu zake, mwanafunzi ana zake. Mambo yakienda mrama, hakuna haja ya kulaumiana, wanafungua kurasa. Watu husema imani ni jambo la moyoni. Kaptagat, imani iko pia kwenye karatasi.

Halafu kuna zamu za usafi. Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, husugua choo cha kambi zamu yake ikifika, kama kijana aliyejiunga jana. Anayeona hivyo haambiwi tena kwamba sheria za hapa ni za wote.

Lakini imani haipimwi siku ya ushindi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, Kipchoge aliwashangaza Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris. Miaka tisa baadaye alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki za London. Wengi wangebadilisha kocha. Yeye alibadilisha mbio: Aprili 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg, kocha akiwa yuleyule. Alipomaliza wa nane London mwaka 2020, walirudi Kaptagat pamoja, na Agosti 2021 akatetea dhahabu ya Olimpiki nchini Japani. Aliposhindwa kumaliza mbio za Olimpiki za Paris mwaka 2024, Sang hakumkana.

Faith Kipyegon naye alipojifungua mwaka 2018, wapo waliodhani mbio zake zimekwisha. Akiwa chini ya Sang, alirudi hatua kwa hatua, akatwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Tokyo na kisha Paris, na Julai 2025 akashusha rekodi ya dunia hadi dakika 3:48.68. Mama anayerudi uwanjani anahitaji kocha asiyeharakisha mwili wake kwa sababu ya kalenda ya meneja.

Ukipanda hadi Iten utakuta ushahidi mwingine. Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika Shule ya St. Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa na cheti chochote cha ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia na kuwasikiliza. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyetimka mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012, rekodi ambayo haijavunjwa.

Kuaminiana si kukubaliana kwa kila jambo. Kelvin Kiptum alianza kumfuata Gervais Hakizimana, mkimbiaji kutoka Rwanda aliyekuja kufanya mazoezi huku kwetu, Kiptum akiwa bado mtoto anayechunga mifugo. Baadaye Hakizimana akawa kocha wake, na Oktoba 2023 Kiptum akaandika rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:00:35, jijini Chicago. Katika siku hizo za shangwe, Hakizimana alisema hadharani kwamba kijana wake alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, na kwamba alikuwa amemshauri apunguze asije akajimaliza mapema. Kiptum hakutaka. Kocha akabaki, na ushauri wake ukabaki palepale. Usiku wa Februari 11, 2024, wote wawili walifariki katika ajali ya gari moja karibu na Kaptagat.

Upande wa pili wa jambo hili ni mchungu. Imani ikikosa mipaka hugeuka kamba shingoni. Kuna mwanariadha ambaye kocha ndiye meneja, ndiye mwenye nyumba, ndiye anayeshika kadi ya benki na pasipoti, na wakati mwingine ndiye mume. Mtu wa namna hiyo utamwambia vipi kwamba kano ya kisigino inauma? Utanyamaza, utakimbia, na utavunjika. Na akija na sindano akikuambia ni vitamini, utauliza nini? Sheria za kupambana na pufya ziko wazi: kilichopatikana mwilini mwako ni chako, hata kama uliyemwamini ndiye aliyekudunga. Yeye atatafuta kijana mwingine, wewe utatumikia marufuku.

Wanawake wameumia zaidi. Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana mashtaka. Wanariadha wenzake walianzisha kundi la Tirop's Angels kuwasaidia wale wanaodhulumiwa na watu wao wa karibu. Walichokuja kutufundisha ni kwamba msichana anayeanza kupata pesa huzungukwa haraka na wanaume wanaojiita makocha, na kwamba ulinzi wake wa kwanza ni kuwa na pesa zake kwa jina lake na mtu mwingine wa kumweleza mambo.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kocha wa kweli haogopi swali; ukimuuliza kwa nini leo ni kilomita 30 na si 40, atakueleza. Ukimwambia umechoka, ataangalia daftari kabla ya kuangalia saa. Anayejibu kwa vitisho hajastahili mwili wako.

Mzazi unayemleta mtoto Eldoret msimu huu, usimkabidhi kocha kwa sababu ya picha zake na mabingwa. Kaa naye chini. Muulize programu imeandikwa wapi, zawadi zitaingia akaunti ya nani, nani atashika pasipoti, na mtoto akiumia atapelekwa hospitali gani. Kisha mnunulie mwanao vitu viwili kabla hujapanda matatu ya kurudi nyumbani: saa na daftari.